Mashine ilinisomea makundi, nikakosa kilio cha ukweni

Yaya,

Salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza vikwembe (vitenge) soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini. Mume wangu anafanya kazi Likasi, anarudi mwisho wa juma. Ninakuandikia, mkubwa wangu, kwa sababu ya simu, ingawa shida yenyewe sasa imekuwa ya ukweni.

Niko katika makundi ya WhatsApp ambayo nimeshindwa kuyahesabu. La familia yetu, la familia ya mume, la avenyu, la wazazi wa shule (kila mtoto na darasa lake), la kwaya, la likelemba (mchango wa zamu), la wauzaji wa soko, la tuliosoma pamoja sekondari, na mengine ya watu wanaotangaza bei za bidhaa kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Bado wateja wangu, kila mmoja na picha ya kikwembe anachotaka. Bado Facebook na TikTok. Asubuhi nikiwasha mega (data ya simu), simu inatetemeka mpaka naifunika na mto. Nikisema nisome yote, soko linafunguliwa bila mimi. Nikiacha, mwalimu ananiambia, "Mama, tulitangaza kwenye kundi," na mteja anakasirika kwamba oda yake iko pale tangu jana.

Kijana wangu wa pili anasoma informatiki chuoni. Alinihurumia. Akawa anachukua simu yangu usiku, anatoa mazungumzo ya kila kundi kama maandishi, anayapeleka kwa programu ya akili bandia, na asubuhi napata ukurasa mmoja wa kusoma na chai. Yaya, nilipumua. Tarehe ya minervali (karo ya shule) ilipobadilishwa, nilijua kabla ya majirani. Zamu yangu ya likelemba ilipokaribia, ilikuwa imeandikwa pale juu.

Kisha shangazi wa mume wangu akafariki. Habari iliingia usiku katika kundi la ukweni. Asubuhi muhtasari wa kundi hilo ulisema hivi, na bado nimeutunza: "Wanafamilia walipeana maneno ya faraja na maombi." Sasa, kundi lile kila siku ni maombi! Nikapita, nikaenda sokoni. Mimi ndiye mke wa mtoto mkubwa. Kwenye kilio kama kile mahali pangu ni jikoni, kwenye masufuria ya bukari (ugali), tangu saa ya kwanza. Mume alikuwa zamu, akadhani niko huko tayari. Nilifika siku ya pili jioni, na nguo za sokoni.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliuliza tu, mbele ya watu wote waliokaa chini ya turubai: "Weye ulikuwa wapi? Simu yako iliharibika?" Kabla sijafungua mdomo, wifi yangu akajibu: "Siku hizi mashine ndiyo inamsomea." Kijana wangu alikuwa amejisifu kwa binamu zake, kwa hiyo walijua. Kuna waliocheka. Kuna ambao hawakucheka, na hao ndio wanaosema sasa kwamba nimepeleka siri za familia kwa Wazungu wa kompyuta, nitolewe katika kundi.

Kijana anasema kosa ni dogo, atalirekebisha. Anasema hata anaweza kuifanya programu ijibu kwa niaba yangu: salamu, pole, hongera, ili watu waone nipo. Nifute kila kitu nirudi kwenye mto? Na ukweni niingie kwa mlango gani?

Mama wa Vikwembe, Katuba

*

Mama wa Vikwembe,

Pole kwa msiba. Na asante kwa kuutunza ule mstari, kwa sababu kisa chote kiko ndani yake.

Hukuniambia tangazo la kifo lilikuja kwa namna gani, lakini naweza kukisia. Ama ilikuwa picha: sura ya marehemu, tarehe, mahali pa kilio, saa ya kutoa mwili morgi. Ama ilikuwa sauti ya baba mdogo mmoja anayezungumza taratibu, akianza na salamu ndefu. Siku hizi ni watu wachache wanaoandika habari ya kifo kwa vidole. Sasa, kijana anapotoa mazungumzo ya kundi kama maandishi matupu, WhatsApp inaacha picha na sauti zote nje. Mahali pake inabaki alama ndogo tu kwamba kitu kimeachwa. Mashine haikuona sura ya shangazi na haikusikia sauti ya baba mdogo. Iliona "Pole sana", "Mungu atutie nguvu", "Amina", na mikono mingi ya kuomba. Ikaandika ilichoona: faraja na maombi. Kila neno katika mstari ule ni kweli, na ndiyo maana haukukushtua.

Sababu ya pili ingebaki hata kama tangazo lingeandikwa. Muhtasari hufuata uzito, na uzito kwa mashine mara nyingi ni lile linalorudiwa. Kifo kinatangazwa mara moja. Pole zinaandikwa na kila mtu. Bei ya mafuta ikijadiliwa usiku kucha itakaa juu ya ukurasa, na mstari mmoja wa "Mama amepelekwa Sendwe", yaani hospitali, unaweza kukunjwa pamoja na salamu. Ukiomba mashine ifupishe, umeipa ruhusa ya kutupa, na haimjui shangazi wa mume wako.

Halafu kuna namna tunavyoandika sisi wa hapa. Sentensi inaanza kwa Kiswahili, inapita kwa Kifaransa, inamaliza na neno la nyumbani, bila nukta hata moja. Programu hizi zilijifunza zaidi Kiingereza, na Kiswahili zilichokisoma ni kile cha vitabu na magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi kuliko cha Katuba. Tofauti hiyo inajulikana kwa wenye kazi: katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, mbali na swh ya pwani, na mwaka 2020 mradi wa TICO-19, uliokusanya tafsiri za habari za Korona, ulikitafsiri peke yake. Lakini vyombo unavyovikuta kwenye simu bado vinatusoma kwa macho ya pwani. Kwa sauti ni zaidi. Whisper ya kampuni ya OpenAI, iliyotolewa mwaka 2022 kwa kazi ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Lugha zote zisizo Kiingereza ziligawana sehemu ndogo, na Kiswahili kilipata kijiko tu. Kwa hiyo kijana akikuambia, "Tutaingiza na vokali," mwambie ajaribu kwanza na vokali, yaani ujumbe wa sauti, ya baba mdogo yule, akiwa karibu na jenereta.

Je, ufute? Hapana. Ulivyokuwa ukiishi kabla, simu chini ya mto, ulikuwa unakosa mambo vilevile, ila hakuna aliyekuwa na mashine ya kucheka. Kinachotakiwa ni kugawa kazi upya, na mgawo wangu ni huu: kuna makundi yanayosema na wewe, na kuna makundi yanayosema mbele yako. Ukweni wanasema na wewe. Familia yenu, mwalimu wa darasa, mteja mwenye oda, wanasema na wewe. Hao unawasoma kwa macho yako na kuwasikiliza kwa masikio yako, hata kama ni kwenye basi. Bei za Kasumbalesa, wenzako wa sekondari, wauzaji wa soko, ubishi wa avenyu kuhusu umeme, hao wanasema mbele yako. Hao ndio chakula cha mashine. Kwaya iko katikati, utaamua mwenyewe. Mimi ningeiweka kwa mashine na kuuliza ratiba tu.

Kabla ya akili bandia yoyote, mwambie kijana akusaidie na vitu vilivyomo ndani ya WhatsApp tayari. Vijana wa informatiki wanaviruka kwa sababu havina sifa. Unaweza kubandika mazungumzo matatu juu kabisa yasishuke: ukweni, familia yenu, na kundi la shule linalokusumbua zaidi. Kundi la ukweni lipe mlio wake peke yake, tofauti na yote, ili hata ukiwa unapima kikwembe ujue nani anaita. Yale ya kelele yaweke kimya na uyahifadhi pembeni; tangu mwaka 2021 kundi lililohifadhiwa linabaki pembeni hata ujumbe mpya ukiingia, halirudi juu lenyewe. Na mtu akikutaja kwa jina au akijibu ujumbe wako, simu inakuambia hata kama kundi limenyamazishwa. Kwa hiyo tafuta mtoto mmoja wa ukweni, mpwa au binti wa wifi, anayekupenda. Mwombe: jambo kubwa likitokea, anitaje. Huyo atakufaa kuliko programu yoyote, na mega zake ni kidogo.

Tena, ujumbe mwingi unaojaza simu yako haukuandikwa na mtu yeyote unayemjua. Ni ule wenye mishale miwili juu, kwamba umepitishwa mara nyingi: dawa ya tangawizi, unabii, onyo la benki, kazi za Kanada. Kundi moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024, hivyo fikiria. Mwaka 2019 WhatsApp ilizuia kupitisha ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ule wenye mishale miwili ukabaki na mazungumzo mamoja tu. Bado unafika. Ukiuona, pita bila kuufungua. Picha na video zisijishushe zenyewe kwenye makundi hayo, forfe yako ya mega itadumu.

Sasa yale yaliyobaki kwa mashine. Kijana asiseme tena "fupisha". Aiulize hivi, au kwa Kifaransa akiona inaelewa zaidi: "Nitolee kila ujumbe wenye tarehe, saa, mahali, kiasi cha pesa, au habari ya mtu aliyezaliwa, anayeumwa, aliyefariki au anayeoa. Nakili maneno kama yalivyo, useme nani aliandika na saa ngapi. Usiunganishe ujumbe wa watu wawili. Kisha uniorodheshee picha na sauti zote zilizoachwa, na saa zilipotumwa." Hilo la mwisho ndilo lingekuokoa. Ukiona picha imeachwa saa nne usiku na baada yake "pole" zimejipanga, huhitaji akili bandia kujua kilichotokea. Utafungua kundi.

Na bado aangalie. Programu hizi zikikosa kitu wakati mwingine hujaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli: Jumamosi inakuwa Jumapili, dola 50 zinakuwa 15. Kwa bei ya bidhaa utacheka. Kwa zamu ya likelemba hakuna atakayecheka, kwa hiyo zamu ya likelemba isomwe na mtu.

Niingie kwenye jambo ambalo umeligusa haraka mno. Wale wanaokasirika ukweni wana haki. "Wazungu wa kompyuta" ni maneno ya hasira, lakini chini yake kuna hoja safi. WhatsApp tangu mwaka 2016 inafunga ujumbe kati ya anayetuma na anayepokea, hata kampuni yenyewe haiusomi njiani. Kijana wako alipotoa mazungumzo na kuyapeleka kwingine, alifungua kufuli hilo kwa niaba ya watu wote wa kundi bila kuuliza hata mmoja. Mle ndani kuna deni la mtu, ugonjwa wa mtu, ndoa ya mtu inayoyumba. Yalienda kwenye kompyuta za kampuni fulani ng'ambo, na kampuni nyingine hutumia wanachoandika watu kufundishia mashine zake mpaka mtumiaji azime ruhusa hiyo mwenyewe. Mwulize kijana kama aliizima. Kama anatazama dari, ndiyo jibu.

Kundi la ukweni litoke kabisa kwenye mpango huu, na la familia yenu pia. Kwa makundi mengine, waambie watu unachofanya, na kijana abadilishe majina na namba za simu kabla ya kupeleka chochote. Kwa mtu wa informatiki ni kazi ya dakika. Aliyekataa, kundi lake lisipelekwe.

Kuna kitu unaweza kuwapelekea ukweni kama dhamana. Aprili 2025 WhatsApp iliongeza kitufe cha faragha zaidi ndani ya mazungumzo: kikiwashwa, hakuna anayeweza kutoa mazungumzo ya kundi hilo kama maandishi, wala picha hazijishushi zenyewe kwenye simu za watu. Hakizuii mtu kupiga picha skrini yake, usiwaahidi zaidi ya kinachofanya. Lakini ukimwendea msimamizi wa kundi, mimi nadhani ni yule wifi, ukasema "Kiwashe, ili hata mwanangu asiweze tena", neno lake la dharau linakosa mahali pa kukaa.

Kuhusu mlango wa kuingilia. Usiende kueleza habari za picha zilizoachwa na maandishi matupu. Uani mwa kilio hayo yatasikika kama kisingizio, tena cha Kifaransa. Nenda kwa mama mkwe wakati hakuna watu, na mtu mzima mmoja wa upande wao akutangulie. Sema sentensi fupi: habari ilifika kwenye simu yangu na sikuisoma, nisamehe. Beba unga, sukari, mafuta, na mchango wako uandikwe kwenye kaye (daftari) ya kilio kama haujaandikwa, kwa jina lako, siyo la mume. Kama familia inafanya siku arobaini, fika siku moja kabla na nguo za jikoni. Wataona mikono yako kwenye sufuria na mengi yatapungua.

Nina swali dogo, samahani. Katika barua yako amelaumiwa kijana, umelaumiwa wewe, imelaumiwa programu. Mume je? Shangazi alikuwa wake. "Akadhani niko huko tayari" siyo kazi ya mume. Simu yake nayo inapiga. Asiachwe nje ya mazungumzo na mama yake. Ni yeye anayepaswa kuanza kuongea, wewe umalizie.

Kujibu kwa niaba yako: hapana. Sitarefusha. Pole iliyoandikwa na mashine haioshi sahani, na siku itakapomwandikia hongera mama aliyepoteza mimba, hutakuwa na mlango wowote wa kuingilia. Kijana akitaka kutumia ujuzi wake, nina kazi nyingine kwake, nitaitaja sasa hivi.

Facebook na TikTok sina mengi. Facebook kuna orodha ya vipendwa, unachagua mpaka watu na kurasa 30 waonekane kwanza. TikTok, video isiyokufaa ibonyeze kwa muda na useme haikuvutii, ukirudia siku chache inaelewa. Vikikuzidi, vitoe kwenye simu ya biashara.

Ndiyo, simu ya biashara, au angalau namba ya pili. Hiyo ndiyo kazi ya kijana. Kuna WhatsApp Business, ya bure, iko tangu 2018. Wateja wa vikwembe wote wahamie huko. Ndani yake kila mteja unambandikia lebo ya rangi: oda mpya, anasubiri kulipa, amelipa, amechukua. Unaweka picha za vikwembe na bei kwenye katalogi, na anayeuliza "Mama, hiki ni ngapi?" unamtumia kutoka pale bila kuandika tena. Jibu la kwamba umefunga soko hadi kesho saa mbili unaweza kuliweka lijitume lenyewe. Mteja anajua ni duka linajibu, hakuna anayekasirika. Na hapo akili bandia inaweza kufanya kazi bila kumuudhi mtu: kijana aandike oda za juma zima bila majina, aiulize ni rangi gani zinaombwa na huna, kabla hujatuma hela Kasumbalesa.